Dhahabu Ilikuwa Halisi, Hasara Ikaja Hata Hivyo: Kisa cha Mama wa Uyole

Mama huyu ni mfanyabiashara wa mchele, mkazi wa Uyole jijini Mbeya. Ameniruhusu nieleze kisa chake kwa sharti la kutomtaja jina, na waliomuuzia nao siwataji. Mimi ndiye ninayemfanyia hesabu za biashara yake, kwa hiyo karatasi zilizokuwepo zilifika mezani kwangu, na zilizokosekana nilizitafuta nikazikosa. Tarakimu za fedha nimezikaribisha kwenye maelfu ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Mwaka 2025 aliuza kiwanja alichokuwa nacho Iringa. Baada ya kulipa madeni akabaki na shilingi milioni 22 na nusu, akaamua sehemu kubwa iende kwenye dhahabu. Alinunua vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha gramu 50 kilichoyeyushwa Chunya, shilingi milioni 13. Cha pili ni kitofali cha gramu 10 kilichofungwa ndani ya kadi ya plastiki, kilicholetwa na msafiri kutoka Dubai, shilingi milioni 3 na laki 4. Kitu cha tatu, sarafu aliyoletewa kutoka Tunduma, alikikataa. Wiki chache baadaye ada ya chuo ya mwanawe ikamlazimu auze. Bei ya dunia haikuwa imeshuka, na vitu vyote viwili vilikuwa dhahabu ya kweli. Pamoja na hayo, hesabu ilipofungwa, zaidi ya moja ya tano ya fedha aliyoiweka humo ilikuwa haipo.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu onyo tunalopeana huku Nyanda za Juu Kusini ni moja tu: jihadhari na feki. Onyo hilo ni la haki na linaokoa watu. Lakini mama huyu alijihadhari na feki kuliko wanunuzi wengi ninaowafahamu, na kwenye feki hakuna aliyempata. Alipigwa mahali ambapo hakuna aliyemwambia aangalie: ananunua gramu ngapi za dhahabu safi, nani atainunua kutoka kwake, na ataiuza kwa karatasi gani.

Sababu zake za kununua

Sipendi watu wanaposema kwamba mama alikuwa na tamaa. Wakia moja ya dhahabu (gramu 31.1) ilivuka dola 2,000 Agosti 2020, na Machi 2025 ikavuka dola 3,000. Mtu anayeuza mchele anajua fedha iliyolala inavyoliwa na bei za vitu. Tena anaishi Mbeya, ambako dhahabu mtu huisikia kwa jirani kabla ya kuisikia redioni. Machimbo ya Lupa wilayani Chunya yamekuwa yakitoa dhahabu tangu miaka ya 1920, na mchele wake mwenyewe huwa unapanda lori kwenda kuuzwa Makongolosi kwa wachimbaji. Kutaka kuweka akiba kwenye kitu kinachotoka milimani kwenu ni jambo linaloeleweka kabisa.

Ninachokilaumu kwenye uamuzi wenyewe ni kimoja. Ndani ya ile milioni 22 na nusu kulikuwa na ada ya mtoto, na tarehe ya ada ilijulikana. Dhahabu haizai riba, na kila unapoinunua na kuiuza kuna watu wawili watatu wanaokata sehemu yao. Fedha yenye tarehe haiingii humo.

Kipande cha Chunya

Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Muuzaji alikuwa mchimbaji mdogo mwenye leseni, mtu anayefahamika, tena jamaa ya shemeji yake. Alimpeleka mama mpaka kwenye mwalo, yaani mahali pa kusagia mawe na kuosha dhahabu, akamwonyesha karasha likisaga mawe, akamwonyesha dhahabu iliyokamatwa na zebaki. Kisha akayeyusha mbele ya macho yake, akamimina, kikapoa, akakiweka kwenye mizani. Gramu 50 kamili. Mama alikuwa na sumaku kwenye pochi, akaijaribu, haikushika. Akaona kimewekwa motoni na hakikuwa cheusi.

"Mama, nakufanyia bei ya nyumbani," yule bwana akamwambia. "Sokoni ni laki mbili na themanini kwa gramu. Wewe nipe laki mbili na sitini."

Gramu 50 mara 260,000 ni milioni 13. Alilipa taslimu. Hakupewa risiti, wala hakuomba, kwa kuwa walikuwa watu wa nyumbani.

Tuanze na vipimo vyake. Sumaku haivuti dhahabu, ni kweli, lakini haivuti shaba wala risasi wala fedha (namaanisha ile metali nyeupe, si pesa). Inakamata chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu na haiendi mbali zaidi ya hapo. Moto nao unasema kidogo kuliko tunavyoamini. Shaba iliyochanganywa kwa wingi itajionyesha kwa weusi. Fedha iliyochanganyika na dhahabu haijionyeshi. Na dhahabu inapotoka ardhini huwa na fedha ndani yake, mara nyingine kidogo, mara nyingine nyingi, kutegemea mwamba. Mchimbaji anapoichoma zebaki ikatoka, fedha inabaki humo humo. Kuyeyusha hakuisafishi.

Kwa hiyo mama alichonunua ni gramu 50 za dhahabu ghafi, na alilipa kwa bei inayokaribia ile ya dhahabu safi, yaani karati 24.

Alichopaswa kuuliza ni asilimia. Dhahabu duniani kote hulipwa kwa usafi wake. Karati 24 ni safi kabisa kwa kadiri ya biashara, karati 22 ni karibu asilimia 91.7, na karati 18 ni asilimia 75. Hata Benki Kuu ya Tanzania inaponunua dhahabu kwa ajili ya akiba ya taifa, huinunua ikiwa imepita kwenye viwanda vya kusafishia, kikiwemo kile cha Mwanza kilichozinduliwa Juni 2021, ambako usafi wake unajulikana kabla fedha haijatoka. Mama huyu hanunui mchele bila kuchoma bambo kwenye gunia na kumwaga punje kiganjani, aone chenga na unyevu, kwa sababu anajua gunia la kilo mia si lazima liwe na kilo mia za mchele. Kipande cha dhahabu alikinunua bila kukichoma bambo.

Mwezi uliofuata alikipeleka kwa sonara mmoja wa Mwanjelwa, na mimi nilikuwepo. Nataka nieleze alichokifanya yule fundi, kwa kuwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukifanya mezani kwake akiwa na mizani ndogo inayosoma sehemu za mia za gramu.

Alikipima kwanza kikavu: gramu 50.00. Akachukua kikombe chepesi cha plastiki, akatia maji hadi nusu, akakiweka juu ya mizani na kubonyeza ianze upya kwenye sifuri. Akakifunga kipande kwa uzi mwembamba, akakizamisha ndani ya maji huku akikishikilia juu kwa uzi, kisiguse chini wala kuta za kikombe. Mizani ikasoma 2.96. Namba hiyo ndiyo ujazo wa kipande, kwa sentimita za ujazo. Ukigawa 50 kwa 2.96 unapata 16.9. Dhahabu safi uzito wake kwa sentimita moja ya ujazo ni gramu 19.3, kwa hiyo gramu 50 zilizo safi zingesoma 2.59. Kingekuwa cha shaba ya njano mizani ingesoma karibu 5.9, na cha risasi 4.4. Usomaji wa 2.96 ulisema kwamba humo kuna dhahabu nyingi pamoja na kitu chepesi zaidi, na kwa dhahabu ya Chunya kitu hicho kwa kawaida ni fedha.

Akakisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha asidi, akalinganisha na michirizi ya sindano zake za karati. Kisha akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, dhahabu hii ni ya kweli," akasema. "Ila siyo ishirini na nne. Ona ilivyopauka, inaelekea ukijani kidogo. Mimi naikadiria asilimia themanini na tatu, themanini na nne."

Mama akauliza, "Kwa hiyo nimeibiwa, fundi?"

"Umeuziwa gramu hamsini, na gramu hamsini zipo. Kilichokosekana ni kuambiwa gramu hamsini za nini."

Baadaye mashine ya XRF, inayosoma metali kwa miale ya eksirei, ilithibitisha asilimia 83. Fanya hesabu sasa. Asilimia 83 ya gramu 50 ni gramu 41.5 za dhahabu safi. Ukigawa milioni 13 kwa 41.5, mama alilipa shilingi 313,000 kwa kila gramu safi, wakati bei ya siku ilikuwa 280,000. "Bei ya nyumbani" ilikuwa juu ya bei ya soko kwa zaidi ya asilimia 11.

Niongeze jambo moja kuhusu kipimo cha maji, kwa sababu nimeona watu wakikiamini kupita kiasi. Kuna metali iitwayo tangsteni ambayo uzito wake kwa ujazo ni 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu. Kitofali cha tangsteni kilichopakwa dhahabu kitapita kwenye maji bila shida. XRF nayo husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo upako mnene unaweza kuidanganya. Kinachoikamata tangsteni ni moto: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064, tangsteni inahitaji zaidi ya 3,400, joto ambalo hakuna kichomeleo cha mwaloni kinachoweza kulifikia. Kipande kilichoyeyuka mbele ya macho yako na kisha kikasoma vizuri kwenye maji kimepita mitihani miwili inayosaidiana. Mama alikuwa na nusu ya mtihani mkononi siku ileile ya kununua. Alikosa kikombe cha maji tu, na mtu wa kumwambia.

Punguzo lilitoka wapi

Swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza anapopewa bei nafuu ya dhahabu ni hili: nafuu hii inatoka mfukoni mwa nani? Mwenye dhahabu anajua bei ya siku. Tume ya Madini hutoa bei elekezi, na kila mchimbaji ana simu. Hakuna sababu ya yeye kupoteza elfu ishirini kwa kila gramu kwa ajili ya shemeji.

Kutoka 280,000 hadi 260,000 ni punguzo la asilimia 7. Dhahabu inayouzwa sokoni hukatwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ni saba hiyohiyo. Punguzo alilopewa mama ni sehemu ya Serikali, iliyorukwa kwa kuuziana mwaloni.

Masoko ya madini yalianzishwa ili kuziba mwanya huo. Mkutano wa Rais Magufuli na wachimbaji wadogo ulifanyika Januari 2019, Machi mwaka huo soko la kwanza likafunguliwa Geita, na Chunya ikapata lake mwaka huohuo. Wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ili wapeleke dhahabu sokoni kwa hiari. Pale mchimbaji anapimiwa, anasomewa asilimia, analipwa kwa dhahabu safi iliyomo, na anapata karatasi.

Mama hakujua kwamba kwa kununua mwaloni alikuwa ameingia upande mbaya wa Sheria ya Madini, Sura ya 123. Madini ghafi hayanunuliwi na mtu yeyote mwenye fedha. Anayeruhusiwa kuwa nayo na kuyauza ni mwenye leseni ya uchimbaji au mwenye leseni ya biashara ya madini, ndogo au kubwa. Ukikutwa nayo bila leseni wala kibali, yanaweza kutaifishwa na wewe ukapelekwa mahakamani. Pete, mkufu au bangili iliyonunuliwa dukani kwa risiti ni habari nyingine. Kipande kilichoyeyushwa juzi mwaloni ni madini, hata ukikifunga kwenye kitenge na kukiweka kabatini kama urithi wa bibi.

Watu wengi hapa Mbeya hawalijui hilo. Nimewasikia wakishauriana kwa nia njema kabisa: nenda Chunya, ni saa moja na nusu tu, lami tupu, utapata kwa bei ya shamba. Ushauri wa namna hiyo unampeleka mtu asiye na kosa lolote kwenye kosa.

Kitofali cha kadi

Gramu 10, usafi 999.9 kati ya 1,000, namba ya mfululizo imechongwa juu ya kitofali na kuchapwa kwenye kadi. Msafiri alikinunua dukani Dubai, akamuuzia mama kwa milioni 3 na laki 4. Ni shilingi 340,000 kwa gramu, asilimia 21 juu ya bei ya siku.

Kila kitofali kina gharama ya kutengenezwa, kufungashwa na faida ya muuzaji, na gharama hiyo haipungui sana kitofali kinapokuwa kidogo. Ndiyo maana gramu moja ndani ya kitofali cha gramu 5 au 10 ni ghali kuliko gramu moja ndani ya kitofali cha gramu 100. Kiasi fulani juu ya bei ya siku ni cha kawaida kwa kitofali kidogo. Asilimia 21 ni mzigo. Sehemu kubwa yake ilikuwa ni faida ya msafiri, na mama hakuiona kwa sababu aliulizwa "milioni tatu na nne una?" na hakugawa kwa kumi.

Kosa la pili lilifanyika nyumbani. Alitaka kukigusa. Akachukua mkasi, akakata kadi.

Kadi ile ndiyo hati ya kitofali. Mnunuzi anapokuta muhuri haujavunjwa na namba mbili zinalingana, anaweza kukubali usafi ulioandikwa. Ikishakatwa anarudi kukipima kama dhahabu nyingine yoyote, na anakata bei kwa ajili ya mashaka yake. Yule sonara wa Mwanjelwa alikikubali kuwa ni dhahabu safi. Bei aliyoitoa ilikuwa 255,000 kwa gramu, akieleza kwamba kwake kitaingia kwenye chungu kiwe hereni. Sikumlaumu. Yeye hauzi vitofali, anauza vito, na hana mteja wa kumlipa thamani ya kadi.

Kutoka milioni 3.4 hadi milioni 2 na laki 5 na nusu. Ili mama arudishe fedha yake kwa sonara huyo, bei ya dunia ingepaswa kupanda kwa theluthi moja.

Nilimuuliza kama msafiri alimwachia risiti ya duka la Dubai au karatasi ya forodha. Hakuwa nazo. Kwa kitofali kilichotoka nje, karatasi hizo ndizo zinazokitenga na dhahabu ghafi ya mwaloni machoni pa ofisa atakayeuliza, na ndizo maduka makubwa ya Dar es Salaam yanazotaka kuziona kabla ya kuzungumza bei.

Sarafu aliyoikataa

Hili nalieleza kwa furaha, kwa sababu mama alilifanya vizuri. Kijana mmoja alimletea kutoka Tunduma sarafu akimwambia ni Krugerrand ya Afrika Kusini, akataka milioni 6.

Krugerrand ilianza kutengenezwa mwaka 1967. Upande mmoja una sura ya Paul Kruger na mwingine una swala wa kule kwao. Ni ya karati 22, imechanganywa na shaba, ndiyo maana rangi yake ina wekundu kidogo. Ndani yake kuna wakia moja kamili ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1, lakini ukiiweka kwenye mizani inasoma gramu 33.93 kwa sababu ya ile shaba. Namba hizo mbili ndizo zinazowachanganya watu: wengine huzidisha bei ya dhahabu safi kwa 33.93 na kulipa dhahabu ambayo haimo.

Mama aliipeleka kwa sonara kabla ya kulipa. Upana ulikuwa sawa, milimita 32 na ushei. Uzito: gramu 22. Kijana akasema imelika kwa kushikwa miaka mingi. Sarafu ya dhahabu hulika kwa sehemu ndogo ya gramu, hailiki kwa gramu 12 huku nywele za Kruger zikiwa bado zinahesabika. Shaba haiwezi kutimiza uzito wa dhahabu ndani ya ujazo uleule. Mtengenezaji wa feki huishia kuchagua: ama iwe nyepesi, ama iwe nene. Mizani na rula ya fundi ya kupimia unene vinamaliza ubishi huo kwa dakika mbili.

Na bei yenyewe ilikuwa imeshasema. Gramu 31.1 kwa 280,000 ni zaidi ya milioni 8 na laki 7. Anayekupa kwa milioni 6 hana shida ya fedha ya haraka kama alivyosema kijana. Angeipeleka kwa sonara yeyote njiani na kupata zaidi.

Kuna kundi jingine la sarafu ambalo hapa kwetu linaleta maneno mengi, yaani sarafu za kumbukumbu. Tanzania yenyewe ilitoa mwaka 1974 sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyama. Ina gramu 33.4 na usafi wa asilimia 90, kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 30 hivi. Mkusanyaji wa sarafu anaweza kuilipia juu ya hapo kwa sababu ni adimu. Sonara atalipa gramu 30. Anayenunua kwa ajili ya akiba na hana mkusanyaji anayemfahamu ailipie gramu 30 vilevile, na nyongeza ya uadimu awaachie wanaoijua biashara hiyo.

Alivyotoka

Mama alipogundua yaliyompata, wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda soko la Chunya na kipande chake. Nilimzuia. Angefika pale bila leseni, bila risiti, na madini mkononi. Wazo la pili lilikuwa kumshtaki muuzaji, na hapo ndipo ukosefu wa karatasi ulipomuuma zaidi. Hakuna maandishi yaliyosema "safi" wala "karati 24". Na ili aseme ameuziwa vibaya, ilibidi kwanza aseme amenunua.

Tulichofanya ni kuuvunja ununuzi. Nilikaa naye, na shemeji, na muuzaji, nyumbani kwa shemeji, na kipimo cha sonara kikiwa kimeandikwa kwenye karatasi. Sina hakika kwamba bwana yule alikusudia kudhulumu. Mwaloni watu huuziana kwa gramu na kwa macho, na huenda mwenyewe alizoea kuiita safi kila dhahabu isiyo na zebaki. Lakini alipata zaidi ya milioni 2 kuliko ambavyo angepata sokoni, na nilimwambia hivyo mbele ya mkubwa wake. Hakubisha. Alikubali kukichukua kipande, akipeleke sokoni mwenyewe kwa leseni yake kama uzalishaji wake, alipe mrabaha, na kumrudishia mama kitakachopatikana.

Sokoni kilisomwa asilimia 83. Gramu 41.5 kwa bei ya siku zilikuwa milioni 11 na laki 6. Ikatoka asilimia 7 ya Serikali, ushuru wa huduma wa halmashauri, faida ya mnunuzi wa sokoni na nauli. Mama alirudishiwa milioni 10 na laki 4. Hasara ya milioni 2 na laki 6, na bado naona ndiyo njia iliyomgharimu kidogo kuliko zote zilizokuwa mbele yake. Ukijumlisha laki 8 na nusu ambazo kitofali kinapoteza kwa bei ya sonara, ingawa hajakiuza, unapata milioni 3 na laki 4 na nusu kati ya 16 na laki 4 alizotoa.

Ameniuliza kama dhahabu aachane nayo. Sijamwambia hivyo. Nilimwambia ada ilipwe kwanza, ikalipwa. Sehemu iliyobaki ameigawa: nyingine amenunua hatifungani ya Serikali inayouzwa kupitia Benki Kuu, yenye riba ya kila nusu mwaka, nyingine imerudi kwenye mchele wa Mbarali. Kwa dhahabu tumekubaliana utaratibu mmoja. Kabla ya kununua chochote, anapeleka picha na maelezo ya kitu hichohicho kwa wanunuzi wawili na kuwauliza wangekinunua kwake kwa bei gani leo, na wangetaka karatasi gani. Tofauti kati ya jibu lao na bei anayoombwa ndiyo gharama ya kuingia. Ikizidi asilimia 10, anaacha.

Kitofali bado anacho. Kadi iliyokatwa tumeitia kwenye bahasha pamoja nacho, na msafiri ameahidi kutafuta risiti ya duka. Mpaka leo hajaileta. Maduka mawili ya Dar es Salaam yamejibu kwa maandishi. Moja litanunua kwa bei ya siku kutoa asilimia 8 endapo risiti itapatikana, jingine kwa kutoa asilimia 12 bila risiti, baada ya kukipima lenyewe.